Kwenda kwa Mtoto na Kulala Gesti

Picha ziliingia kwenye simu nikiwa nageuza mpunga uani kwangu, Viwanja Sitini. Mpunga ulioanikwa kwenye turubai haugeuzwi kwa mkono. Unaburuza mguu ndani yake, mstari kwa mstari, mpaka punje za chini nazo zione jua. Nilisimama katikati ya turubai, jasho linanitoka, nikafungua simu. Zilikuwa picha kumi na mbili za nyumba tatu, na chini yake binti yangu alikuwa ameandika: "Shikamoo mama. Safari iko tayari. Chagua pa kufikia, niweke nafasi mapema kabla hapajajaa."

Binti huyo ndiye mtoto wangu wa pekee. Yuko Malta, kisiwa kidogo katika Bahari ya Mediterania, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba. Alisomea uuguzi hapa hapa Ifakara, akapata kazi huko ya kutunza wazee majumbani, akaondoka na begi moja. Tangu hapo nimekuwa na uso wake kwenye simu kila Jumapili baada ya misa, na picha zake amesimama mbele ya maua, mbele ya makanisa, mbele ya roshani zilizopakwa rangi.

Mwaka huu alipata likizo ya siku kumi. Nilimwambia aje nyumbani, akacheka.

"Mama, siku nne zitaishia njiani. Zilizobaki nitazimaliza kwa kusalimia ndugu, kuanzia Mahenge mpaka Mlimba, kila nyumba niketi, nile, nieleze kwa nini sijaolewa. Wewe nitakuona saa ngapi?"

Hoja hiyo sikuweza kuipinga, maana familia yetu naijua.

"Njoo wewe," alisema. "Upumzike ukiangalia bahari."

Neno kupumzika lilinichekesha. Kwetu mtu akipata likizo anakwenda kijijini kwao kusaidia kuvuna. Mimi nina ekari mbili Mchombe, na mapumziko yangu makubwa ni kukaa juu ya magunia nikisubiri gari la kuyabeba. Lakini nilikubali. Nilihangaikia pasi ya kusafiria, nikaenda Dar es Salaam mara mbili kwa ajili ya viza, nikachukuliwa alama za vidole ambavyo jembe limevisugua mpaka mashine ikavikataa mara tatu. Yote hayo niliyafanya kwa jambo moja, na bahari haikuwemo. Nilitaka kuona mwanangu analala wapi. Uso unaweza kupambwa kwa ajili ya simu, lakini kitanda cha mtu kinasema ukweli kuhusu maisha yake.

Sasa naletewa picha za gesti.

Ngoja nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kuniona mkorofi. Huku kwetu gesti ni ya dereva, ya mfanyabiashara, ya ofisa aliyekuja semina, na ya watu wawili wasiotaka kuonekana. Ndugu halali gesti. Mtu akitoka Lupiro kuja hospitali na ana shangazi hapa mjini, atalala kwa shangazi, hata kama shangazi mwenyewe ana chumba kimoja na watoto watano. Mgeni atapewa kitanda, wenye nyumba watatandika mkeka. Akithubutu kwenda gesti, kabla jua halijawa kali habari zimeshafika, na shangazi atasimama barabarani awaulize wapita njia kama wamesikia tangazo la msiba wake. Na huyo ni shangazi. Mama mzazi kulazwa gesti na mtoto aliyemzaa, hilo sikuwahi kulisikia.

Asubuhi iliyofuata jirani yangu wa nyuma aliniletea maziwa kama kawaida. Ni Msukuma. Yeye na mumewe waliingia bonde hili na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita, na siku hizi nyumba yake ni nzuri kuliko yangu. Ananiambia wali ni chakula cha wagonjwa, namwambia ng'ombe zake zina adabu kumshinda, na hatujawahi kupitisha siku tatu bila kuonana. Nilimwonyesha zile picha.

Ya kwanza ilikuwa hoteli nyeupe, bahari iko chini ya dirisha kabisa, na kando ya bahari wamechimba bwawa la kuogelea.

"Maji yote hayo hayawatoshi?" aliuliza.

"Mimi silali hapo," nilisema. Mtu aliyeuona Mto Kilombero mwezi wa nne, ulivyopanda mpaka kwenye mahindi ya watu, hawezi kulipa alale maji yakiwa mlangoni. Sisi tunajenga mbali na maji, halafu tunayafuata kwa ndoo.

Ya pili ilikuwa nyumba ya mawe juu ya kilima, imezungukwa na miti mifupi na ukimya. Tulikuza picha kwa vidole tukitafuta nyumba ya jirani, hatukuiona. Jirani yangu akasema ukiumwa na tumbo hapo utamwita nani, mjusi?

Ya tatu ilikuwa chumba juu ya duka la mikate, kwenye bandari ndogo. Kulikuwa na kamba za nguo, na vikongwe wameketi kwenye viti nje ya milango yao, wanatazama nani anapita. Hapo palinivutia, ila sikusema. Nilijua nikitamka kwamba pananivutia nitakuwa nimeshakubali kulala gesti.

Nilimpigia mwanangu siku hiyo hiyo.

"Nimeziona. Kwako ni ipi kati ya hizo?"

"Hakuna, mama. Hizo ni za kupangisha, za watalii."

"Mimi ni mtalii?"

"Uko likizo, mama. Huku watu ndivyo wanavyofanya."

"Na kwako je?"

"Kwangu padogo."

"Nimekulea kwenye chumba kimoja na kuku watatu. Padogo pananitisha nini?"

"Mama, tafadhali. Chagua tu."

Nilirudia swali hilo kesho yake, na kesho kutwa. Kila nilipouliza alirudi kwenye picha: hii ina feni, hii wanatoa chai ya asubuhi, hii iko karibu na kanisa. Alikuwa anajua pa kunishika, lakini sikushikika. Nikaanza kuona mambo. Kwamba ana mwanaume ambaye hataki nimjue. Kwamba kuna mjukuu ninafichwa. Kwamba ananionea haya mimi, na visigino vyangu vya shamba, na vitenge vyangu, hataki watu wa kwake waseme kumbe mama yako ndiye huyu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, na nikishaumia huwa sina breki.

Hasira yangu ni moto wa pumba za mpunga. Wachoma matofali wa hapa wanaujua moto huo: kwa juu unaona majivu tu, kumbe ndani unaunguza siku tatu. Nilimwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, kama kwako hakuna pa kulala mimi, basi sina safari. Tukijaliwa tutaonana." Nikakata simu, nikaenda kupepeta mchele.

Jumapili hakupiga. Nilitoka misa mbio, nikaketi barazani na simu mapajani mpaka harufu ya wali ulioungua ikanifuata kutoka jikoni. Jumatatu hakupiga, wala Jumanne. Nilikuwa nimeshinda ubishi, na nilizunguka nyumba nzima na ushindi wangu sijui niuweke wapi. Tiketi ilikuwa kabatini, kati ya shuka. Usingizi ulinikimbia, na niliogopa. Kwa miaka saba nilikuwa nimemkosa kwa sababu ya umbali. Sasa nilikuwa nakaribia kumkosa kwa sababu ya mdomo wangu.

Alhamisi jirani aliuliza safari imefikia wapi. Nikamwambia nimeivunja, na nikamweleza sababu. Nilitegemea aniunge mkono, maana Wasukuma kwa kupokea wageni hawana mchezo. Badala yake aliweka dumu la maziwa chini, akaketi kwenye kizingiti.

"Tulipofika huku mara ya kwanza tulikaa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro," alisema. "Mama yangu akafunga safari kutoka Shinyanga kuja kunitazama. Nikampokea stendi, nikampeleka gesti. Siku tatu nampelekea chakula pale. Nilimwambia kwangu kuna watoto wana surua. Siku ya nne akapanda basi."

"Wewe? Ulimlaza mama yako gesti?"

"Sikuwa na nyumba, mama. Tulikuwa tunalala porini chini ya turubai. Mvua ikija tunasimama mpaka iishe. Na barua nilikuwa nimeshamwandikia kwamba tumejenga." Alifuta mdomo wa dumu kwa ncha ya khanga, ingawa ulikuwa safi. "Alikufa kabla sijajenga. Alikufa anajua nina nyumba nzuri na simtaki ndani. Kwa hiyo mtoto akificha kitanda chake, mimi siwezi kusema anamkataa mama yake."

Alinipimia maziwa yangu, akaenda. Nilibaki na sufuria mkononi. Hasira hasara: methali hiyo nimewaambia watoto wa watu mara ngapi? Sikungoja maziwa yachemke. Nilipiga simu ya video.

Alipokea haraka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nakuja. Utakaponiweka nitakaa, hata stendi."

Alipangusa macho kwa kiganja. Halafu akaigeuza simu nione mbele yake.

Kilikuwa chumba kirefu, chenye giza kidogo, na msalaba ukutani. Katikati palikuwa na kitanda kikubwa chenye vyuma pembeni, cha mgonjwa. Kwenye miguu ya kitanda hicho, kitanda cha kukunja kilikuwa kimefungwa na kuegemezwa ukutani, na nyuma yake niliona lile begi. Hakukuwa na kabati lake, wala meza yake. Picha yangu ya siku ya mahafali yake ilikuwa imebanwa kwenye fremu ya dirisha.

"Ndipo ninapoishi," alisema nyuma ya simu. "Ninatunza bibi mmoja, na nalala chumbani kwake. Usiku akihitaji kitu anapiga kengele. Mara nne, mara tano. Nyumba ni ya watoto wake, siwezi kulaza mgeni. Zile roshani unazoziona kwenye picha ni za watu, mama. Nilikuwa nasimama mbele yake tu."

"Miaka yote saba?"

"Yote. Nilitaka uwe na amani."

Nililia, na sikugeuza uso. Nililia kwa ajili ya kitanda kile cha kukunja, na nililia kwa aibu, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nimemtafutia mwanaume na mjukuu wa kufichwa, kumbe alikuwa anaficha uchovu.

Wakati huo kitu kilijisogeza kitandani. Bibi mwenye nywele nyeupe alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, ananitazama kwa macho ya buluu, anajaribu kuelewa ni nani analia ndani ya simu. Mdomo wangu ulitangulia akili.

"Shikamoo," nilimwambia.

Akatoa mkono wake mwembamba nje ya shuka, taratibu, na kusema, "Marahaba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanangu alikuwa anacheka huku anapenga kamasi.

"Namwamkia hivyo kila asubuhi," alisema. "Mwanzoni alikuwa ananishangaa. Siku hizi nikisahau ananuna."

Sijui nieleze vipi jinsi neno hilo moja lilivyonituliza. Kitanda kilikuwa kibovu, hilo nililiona. Lakini aliyelala kwenye kitanda hicho alikuwa bado ni mtoto niliyemlea, na alikuwa amemfundisha mzungu mzee adabu ya kwetu bila kumlazimisha. Nilipanguza uso, nikarudi kwenye mambo ya safari.

"Hizo siku kumi nani atamtazama?"

"Binti yake anakuja."

"Na wewe utalala wapi?"

Aliigeuza simu nikauona uso wake, na uso wenyewe ulikuwa umeshangaa kweli kweli.

"Na wewe, mama. Ulidhani nitakuacha peke yako hotelini? Si umeona kwenye picha? Kila chumba kina vitanda viwili."

Nikarudi kwenye zile picha kumi na mbili. Nilikuwa nimezikagua mimi, nimezikagua na jirani, nimelaumu bwawa, nimelaumu kilima, nimehesabu viti vya vikongwe mlangoni. Vitanda viwili vilikuwepo katika kila nyumba, vimetandikwa shuka nyeupe, na sikuviona. Nilikuwa nimeshaamua kwamba gesti ni mahali pa kumweka mgeni usiyemtaka, na mtu aliyeshaamua haoni tena. Mwanangu hakuwa ananifukuza kwake. Alikuwa anatafuta pa kuwa kwetu, mimi na yeye, kwa siku kumi.

"Sasa niambie," nilisema. "Wewe unapenda ipi?"

"Mimi nilikuwa nakuchagulia wewe."

"Nimekuuliza wewe."

Nafikiri lilikuwa swali ambalo hajaulizwa siku nyingi.

"Ile ya kwanza," alisema. "Ile nyeupe. Mama, niko kisiwani lakini bahari naionea dirishani mwa basi, nikienda kuchukua dawa za bibi. Natamani niamke niikute hapo."

Ilikuwa ile ile ya maji chini ya dirisha, pamoja na bwawa lake.

"Weka nafasi," nilimwambia. "Hiyo hiyo."

Jirani aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. Mtu wa mpunga, alisema, anayekimbia maji maisha yake yote, amekwenda kupanga chumba baharini. Siku ya kuondoka alinifungia samli kwenye chupa na mimi nikafungasha kilo tano za mchele wa Mchombe, za bibi. Aliniombea dua kwa Kisukuma, akanisukuma kidogo mgongoni kuelekea basi.

Sitasimulia ndege, wala jinsi tulivyoshikana pale uwanjani mpaka watu wakatuzunguka na mabegi yao. Siku hiyo ya kwanza tulipitia kwa bibi kumsalimia na kumpa mchele wake. Nilikiona kile kitanda cha kukunja kwa macho yangu, nikakigusa, kitambaa kimebonyea katikati kwa umbo la mwanangu. Halafu tukaenda hotelini. Alikula vijiko vinne, akajilaza juu ya kitanda na nguo zake, akasema anapumzisha mgongo kidogo tu. Hakumaliza sentensi.

Mimi huamka na jogoo, hata mahali pasipo na jogoo. Kulipopambazuka nilisogeza kiti mpaka mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimesikia hatua kwenye korido na sikuziamini. Bahari ilikuwa dirishani, kubwa, ya buluu, haina haraka, na sikuiogopa kama nilivyotegemea. Saa mbili watu walishuka kwenda kunywa chai. Saa tatu wakapanda. Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia.

Saa nne msafishaji alikuja na kitoroli chake. Nilifungua mlango kabla hajagonga, nikaweka kidole mdomoni. Alikuwa mwanamke mweusi wa makamo, wa nchi nyingine. Alitazama kitandani kupitia begani kwangu, akatazama viatu vya kazi vya mwanangu sakafuni, akanipa taulo mbili mkononi. Alikiinua kitoroli kile magurudumu ya mbele ili kisipige kelele, akaenda nacho hivyo mpaka mwisho wa korido.

Ilikuwa inakaribia saa sita alipokurupuka. Aliketi ghafla, miguu sakafuni, anatafuta viatu vyake macho yakiwa bado yamefumba, anajibu kwa lugha ya huko neno ambalo bila shaka ni naja, naja. Alikuwa ameshasimama nilipomshika mabega.

"Hakuna aliyekuita," nilimwambia. "Lala."

Alinitazama. Ilichukua muda anijue. Halafu akalala tena, upande, magoti yamekunjwa, kama alivyokuwa akilala alipokuwa mdogo, na mimi nikamvutia shuka mpaka begani, nikarudi kwenye kiti changu mlangoni.